Maji Yaliyoapishwa

Jamhuri ya Thabiti haina shaka. Hayo si majivuno, ni sheria. Bunge liliipitisha kwa kura za ndiyo tupu, maana mbunge mmoja aliyeomba apewe muda wa kufikiri alitolewa nje kwa kosa lile lile lililokuwa likijadiliwa. Tangu siku hiyo maneno kama labda, huenda na pengine yaliondolewa maofisini pamoja na viti vibovu, na juu ya kila mlango wa umma kikabandikwa kibao: HAPA TUNA HAKIKA.

Watabiri wa hali ya hewa ndio walioteseka zaidi. Walijaribu kutabiri mvua kwa hakika, mvua ikakataa, wawili wakapelekwa kwenye semina ambayo mpaka leo haijafungwa. Waliobaki wakatia akili. Sasa kila jioni redio ya taifa husema, "Hali ya hewa ya kesho itakuwepo," na haijawahi kukosea hata mara moja.

Katika nchi hiyo, kwa bahati yake mbaya, Dakta Sikitu Lukumbo alikuwa amesomea mashaka. Aliajiriwa na Taasisi ya Taifa ya Maji kukadiria Bwawa la Ushindi litajaa kiasi gani mvua za masika zikija. Mvua zenyewe hakuna anayezijua, kwa hiyo alitengeneza modeli, yaani bwawa la hesabu ndani ya kompyuta, lenye mito yake, jua lake na ukuta wake. Wenzake ofisini waliipachika modeli hiyo jina la Bibi, kwa kuwa ilikawia kujibu, na ikishaanza kujibu haikomi.

Mwaka huo Bibi aliulizwa swali lile lile mara elfu moja: masika yakija itakuwaje? Kila mara alipewa mvua tofauti, nyingi, haba, za kuwahi, za kuchelewa, kulingana na mvua zilizowahi kunyesha nchini. Mara mia nane alijibu kwamba bwawa litajaa na kutulia. Mara mia mbili alisema maji yatapita juu ya ukuta na kuteremka Bonde la Tungu.

Sikitu aliijua Tungu vizuri. Tungu kulikuwa na mashamba ya mpunga, soko, shule mbili, na nyumba ya Shangazi Mwajabu, aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mara moja katika kila tano, watu wale wote wangeamka ndani ya maji. Dawa ilikuwepo na haikuwa na ugumu wowote: milango ya bwawa ifunguliwe sasa, maji yashuke taratibu mita chache, masika yakija yakute nafasi.

Tatizo la dawa hiyo lilikuwa sherehe. Mtukufu Rais alikuwa anatimiza miaka thelathini ya kuombwa asiondoke, na kungefanyika mashindano ya makasia palepale bwawani. Jukwaa lilishajengwa ukingoni, na zulia jekundu limetandikwa hadi kwenye maji. Maji yakishuka, Rais angekaa na wageni wake mbele ya uwanja wa tope. Hakuna aliyekuwa tayari kulisema jambo hilo kwa sauti, ila kila mtu alikuwa ameshaliona.

*

Waziri wa Maji, Mheshimiwa Gwakisa Tandamo, alikuwa mtu ambaye hata akiomba chumvi mezani huiomba kama anahutubia uwanja. Aliisoma ripoti ya Sikitu mpaka ukurasa wa pili, akasimama hapo, akaurudia.

"Kati ya," alisema. "Unasema kina cha maji kitakuwa kati ya mita thelathini na mita arobaini na tatu. Na ukuta wetu ni mita arobaini."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sasa hapo katikati kuna nini?"

"Kuna mambo tusiyoyajua, Mheshimiwa."

"Nani anayajua?"

"Hakuna anayeyajua."

Waziri alivua miwani, akainuka kwenda kufunga dirisha. Aliporudi sauti ilikuwa imeshuka, jambo ambalo Sikitu hakuwahi kulisikia.

"Dakta, mita kumi na tatu. Nafasi yote hiyo wazi, halafu unaniambia humo ndani hamna mtu? Unajua wanaweza kujificha wangapi?"

Sikitu alijitahidi kueleza. Alisema kwamba mtu mkweli akiwa hajui, husema hajui, na kwamba upana ule ndio ukweli wenyewe. Waziri alimsikiliza kwa huruma, kama daktari anayemsikiliza mgonjwa wa malaria akipiga kelele za homa, kisha akapiga simu Idara ya Utulivu.

Idara ilimtuma Afande Chomboko. Huyu alikuwa mwembamba, mpole, na hakunywa chai ambayo hakuiona ikimiminwa. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kompyuta, akaiangalia usoni kwa muda mrefu. Ilipoonekana haitishiki, akamgeukia Sikitu.

"Muulize."

Sikitu akabonyeza. Bibi akafikiri, akajibu: mita thelathini na nne.

"Muulize tena."

Arobaini na moja.

"Tena."

Thelathini na saba.

Afande Chomboko akatabasamu kidogo. "Dakta, kwenye kazi yetu shahidi akibadilisha maelezo mara mbili tunamweka ndani. Huyu wako kabadilisha mara elfu."

"Habadilishi maelezo, Afande. Kila mara anapewa mvua nyingine."

"Anapewa na nani?"

"Na mimi."

"Ahaa." Akaandika. "Kwa hiyo anafundishwa cha kusema."

"Siyo hivyo..."

"Na hizo mia mbili zinazosema mafuriko. Zinafahamiana?"

"Ni majibu, Afande, siyo watu."

"Zinatoka upande mmoja?"

Alikuwa amelelewa kutosema uongo, na kasoro hiyo hakuwa ameiacha. "Nyingi zinatokana na mvua kubwa za Mkoa wa Magharibi," alisema.

Kalamu ya Afande ikasimama. Mkoa wa Magharibi ndiko wapinzani walikopata kiti chao kimoja. "Magharibi," alirudia taratibu, kama mtu aliyepewa zawadi anayotaka kuifungua akiwa peke yake.

*

Kuanzia hapo Taasisi ikawa haina raha. Waliomwita Bibi kwa jina hilo walikana kumfahamu. Mhasibu aliomba meza yake isogezwe mbali na waya wa Bibi. Lutengano, mtaalamu wa mito, rafiki wa Sikitu tangu chuoni, alianza kuandika kitu chini ya meza kila Sikitu alipopita, naye Sikitu akaamini kabisa kwamba anachongewa, akaacha kumsalimia. Baadaye ilijulikana kwamba maskini Lutengano alikuwa akiandika kuwa Sikitu anamchongea yeye. Hivyo ndivyo urafiki wao ulivyokufa, wote wawili wakiwa hawana hatia.

Afande hakuishia ndani. Uani palikuwa na kipimo cha mvua, mkebe mrefu wa bati uliokaa peke yake kwenye majani, mdomo wazi kuelekea mbinguni. Alipouona alishtuka sana.

"Hiki usiku kinalindwa na nani?"

"Hakilindwi, Afande."

"Yaani mtu yeyote anaweza kupita hapa na ndoo, akamimina, na Serikali ikaandika kwamba mvua imenyesha?"

Kufikia jioni kipimo kilikuwa kimejengewa banda. Banda la maana, lenye paa la mabati, mlango wa kufuli na askari mwenye bunduki. Sikitu alilizunguka mara mbili, akidhani labda kuna tundu hajaliona. Alilisema neno hilo moyoni tu, na bado aligeuka kuangalia nyuma.

"Afande, hicho kipimo kina paa."

"Kina usalama," alijibu Chomboko.

Masika yakaanza. Barabara ziligeuka mifereji, askari wa banda akaongezewa koti la mvua, na kila asubuhi kipimo kilifunguliwa mbele ya mashahidi kikakutwa kikavu kabisa. Afande Chomboko alimwita Sikitu aje ajionee. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye ukingo wa kofia yake.

"Unaona? Tangu niweke ulinzi, hata tone. Sasa niambie, zile mvua za miaka iliyopita, nani alikuwa anazimwaga?"

*

Thabiti ina desturi yake, nayo inaitwa Kiapo cha Kiwango. Kila masika mtaalamu wa maji hupelekwa bwawani, akaweka mkono wa kulia juu ya ukuta, akaapa mbele ya Waziri kina ambacho maji hayatakizidi. Namba ikishaapwa ni sheria. Maji yakienda kinyume nayo, walinzi hung'oa ubao wa kupimia kina uliopigiliwa ukutani, wakaupandisha mpaka maji yarudi kwenye namba. Ubao wa Bwawa la Ushindi ulikuwa na matundu ya misumari ya tawala zote.

Mwaka huo wa kuapa alikuwa Sikitu. Waziri alishampa namba, mita thelathini na nane, na siku, Ijumaa. Angekataa, semina ilikuwa na nafasi. Angeapa kwamba maji yatapita ukuta, angeitwa mchochezi, na mara nne katika tano yasingepita, na hapo angekuwa mchochezi na mwongo kwa pamoja. Aliyapima yote hayo, kisha akaomba ruhusa ya siku moja akamwone shangazi yake. Afande alikubali upesi mno, na basi alilopanda likafuatwa na pikipiki mpaka Tungu.

Shangazi Mwajabu alikuwa ukumbini akipepeta mchele. Sikitu alimwamkia, akaketi kwenye kigoda, akashindwa kujua aanzie wapi.

"Shangazi, nataka muhame. Wote. Mpande kilimani mpaka masika yaishe."

Mwajabu aliweka ungo chini. "Nani kasema?"

"Mimi."

"Wewe Sikitu wangu, au wewe wa Serikali?"

"Shangazi!"

"Nauliza tu, mwanangu. Mwaka juzi alikuja bwana mmoja mwenye tai, akasema bonde hili si salama, tuhame. Wa kule chini wakahama. Sasa hivi pana miwa ya Waziri." Akaokota punje ya jiwe, akaitupa. "Ukiwaambia watu hapa wahame, watakuona nawe umetumwa. Watashika majembe wakae palepale."

"Hata wewe?"

Shangazi aliokota kwanza punje nyingine ya jiwe, na hilo lilimuuma Sikitu kuliko jibu lolote. "Mimi nitakwenda kwa ajili yako," alisema mwishowe. "Ila nitakwenda peke yangu. Kwani Serikali yenyewe imesemaje?"

"Haijasema kitu."

"Basi bado." Mwajabu akashika tena ungo wake. "Sisi hapa tunaisikiliza sana Serikali, usituone hivi. Waliposema sukari ipo tele, tulinunua yote siku ile ile, na kesho yake haikuwepo. Waliposema hakuna kipindupindu tukachemsha maji, hakufa mtu. Waliposema daraja la Mtoni ni imara tukaanza kuvuka kwa mtumbwi. Mwezi huo huo likaanguka, lakini tupu. Wakisema tusiwe na wasiwasi, mwanangu, hapo utatuona tunafunga mizigo."

Sikitu aliinuka kigodani. Alikuwa amehangaika miaka kumi na hesabu za kukadiria mambo, na hakuna chochote alichowahi kutengeneza kilichopatia kila mara kama watu hawa. Alimbusu shangazi yake mikono yote miwili, akaondoka kabla chakula hakijaiva, na Mwajabu akabaki akimshangaa.

*

Ijumaa aliapa. Aliweka mkono juu ya ukuta uliolowa, akatamka kwa sauti kavu kwamba maji hayatazidi mita thelathini na nane na Bonde la Tungu liko salama salimini, na redio ikayarusha maneno hayo nchi nzima. Kisha akainamisha kichwa mbele ya Waziri.

"Mheshimiwa, nina ombi. Habari njema kama hii isiishie redioni. Nendeni Tungu wenyewe, mkaiseme kwa kipaza sauti. Na mkiweza, mrudie rudie."

Waziri Tandamo alimshika bega kwa hisia. "Hatimaye umekomaa, Dakta."

Afande Chomboko alikuwa amesimama pembeni, akimenya karanga. "Juzi ulikuwa unatetemeka," alisema. "Leo umeapa kama bibi harusi."

"Nimekuwa na hakika, Afande."

"Mh," alisema Chomboko, akala karanga moja.

Watu walijaa uwanja wa soko la Tungu, maana Waziri akija huja na ng'ombe wa kuchinjwa. Mbele kabisa aliketi Bwana Ngwembe, Mtendaji wa Kata, mtu wa makamo mwenye suti iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali. Alikuwa Mthabiti wa kweli. Sukari ilipotangazwa kuwa ipo, yeye ndiye aliyekwenda dukani kesho yake, akasimama hadi jioni akiwaza kwamba mwenye duka ana matatizo ya nyumbani.

"Ndugu wananchi!" Waziri alinguruma. "Nimekuja kuwahakikishia!"

Mama mmoja safu ya tatu akamfunga mtoto mgongoni.

"Bonde la Tungu liko salama! Bwawa lenu ni imara! Hakuna hatari!"

Wanaume wa nyuma wakasimama, wakakung'uta makalio.

"Nasema tena, hakuna hatari ya aina yoyote! Mtu asihame! Asifunge hata kapu! Na chakula cha akiba kinatosha!"

Hapo kwenye chakula ndipo vijana walipotimua mbio. Walikuwa hawajajua kwamba mambo yamefikia huko. Watu walimwagika sokoni kwa kila kichochoro, wakiitana majina, wakifungua mazizi, na Waziri alipomaliza kusema kwa mara ya nne kwamba kila kitu ni shwari, mbele yake walibaki ng'ombe wa kuchinjwa na Bwana Ngwembe, aliyekuwa akipiga makofi kwa niaba ya kata nzima.

"Umeiona ari yao?" Waziri alimnong'oneza Sikitu, aliyekuwa amesimama nyuma yake. "Wanawahi mashambani."

Sikitu hakumsikia. Alikuwa akimwangalia Ngwembe. Hakuwa amemfikiria mtu wa namna ile. Alimsogelea, akamvuta kando ya meza ya samaki.

"Bwana Ngwembe, nakuomba, panda kilimani na wenzako."

"Kuna nini huko?"

"Panda tu. Mkeo yuko wapi?"

Ngwembe aliona haya kidogo. "Mke wangu ameshatangulia na watoto. Yeye na mambo ya uvumi, namjua. Mimi nitabaki. Ofisi ya kata haiwezi kufungwa, Dakta, watu wakirudi watamkuta nani?" Halafu akamtazama vizuri. "Si wewe uliyeapa? Nilikusikiliza nikiwa nimesimama."

"Niliapa, ndiyo."

"Basi ulidanganya?"

Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayeuliza njia. Hatua mbili kutoka hapo ganda la karanga lilivunjika. Sikitu hakugeuka, alijua ni nani. Alifikiria Tungu nzima iliyokuwa ikipanda kilima wakati ule, na kwamba neno moja likisikika wangefuatwa na magari ya Utulivu na kurudishwa wote kwa nguvu.

"Sikudanganya," alisema.

"Basi," alisema Ngwembe, na uso ukamkunjuka. "Mungu akubariki."

*

Mvua ikaendelea kunyesha bila kuandikwa popote. Walinzi wa bwawa walikuwa na amri ya kufungua milango siku ubao ukisoma mita thelathini na tisa, na ubao haukusoma hivyo, kwa sababu kila asubuhi uling'olewa na kupandishwa ili ubaki kwenye namba iliyoapwa. Ulipanda na maji, msumari kwa msumari, mpaka siku moja nusu yake ikawa imechungulia juu ya ukuta wenyewe. Walinzi waliusoma kwa shida kidogo, wakaandika thelathini na nane, wakaenda kunywa chai.

Maji yalipita ukuta adhuhuri. Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa jukwaa la Rais. Liling'oka zima, na viti vyake na zulia lake, likateremka bondeni mbele ya mafuriko kama linaongoza msafara. Kutoka kilimani watu wa Tungu waliliona likipita juu ya soko lao, juu ya mpunga, juu ya paa la Shangazi Mwajabu. Wengine walicheka, kisha wakaanza kulia, kwa kuwa zilikuwa nyumba zao.

Maji yalipopungua walihesabiana. Hakukosekana mtoto, hakukosekana kikongwe, wala mbuzi wa mtu. Alikosekana Bwana Ngwembe. Walimkuta ndani ya ofisi ya kata akiwa amevaa suti yake, mlango umefungwa kwa ndani.

Sikitu alikwenda mazikoni. Mjane alimpa mkono, akamshukuru kwa kuja. Sikitu alilia mpaka Shangazi Mwajabu akalazimika kumshika kiuno. Aliwaokoa wote wasioamini kitu, akamwua mmoja aliyeamini, na aliyeaminiwa alikuwa yeye. Alijichukia kwa chuki ambayo hakuijua kabla ya siku ile.

"Ulimwambia apande," shangazi alisema.

"Nilimwambia mara moja, Shangazi. Mara ya pili nilimwambia uongo."

Mwajabu alimfunika kwa upande wa khanga yake, wakasimama hivyo mpaka watu walipotawanyika.

*

Serikali ilitoa taarifa kwamba mafuriko hayakutokea, bali maji ya bwawa yalihamishwa. Hata hivyo Idara ya Utulivu ilibaki na swali lililoikosesha usingizi: watu wa Tungu walijuaje? Bonde zima linahama siku moja, bila barua, bila mkutano wa siri, halafu maji yanakuja! Mkono wa mtu ulikuwepo hapo. Afande Chomboko alipanda kilimani akawahoji mmoja mmoja.

"Nani alikwambia uhame?"

"Waziri."

"Alisemaje?"

"Alisema tusihame."

Hakupata jibu lingine kwa mtu yeyote, na mashahidi wasiobadilisha maelezo hata kidogo, kwa kazi ya Chomboko, ndio ushahidi mzito kupita wote. Mheshimiwa Tandamo aliondoka ofisini mwake akiwa katikati ya wanaume wawili, akiahidi kwa sauti kubwa kwamba hana hatia, na kila aliyesikia akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Jumamosi Afande alifika nyumbani kwa Sikitu. Safari hii alikubali chai bila kuangalia ikimiminwa, na Sikitu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa.

"Waziri anasema safari ya Tungu haikuwa wazo lake."

"Alikwenda kutangaza kwamba hakuna hatari, Afande."

"Ndiyo. Na wewe ulijua watafanya nini." Akanywa. "Niambie, maana sasa nimeanza kuelewa elimu yenu. Ukimpeleka Waziri mara elfu kutangaza vile, watu wanahama mara ngapi?"

Sikitu alimtazama. Alikuwa amechoka kuapa. "Mara elfu," alisema.

"Hapana shaka?"

"Hapana."

Chomboko aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka kwa mwanafunzi mgumu. Hakumkamata. Alimaliza chai, akamshukuru, akamsifu kwa chai nzuri, akaenda zake.

Kesho yake mchana Sikitu alikuwa jikoni akikatakata mchicha, redio ikiwa wazi kwa jirani kama kawaida. Wimbo wa taifa ulipigwa, kisha taarifa ya habari. Msomaji alikuwa na sauti ya furaha.

"Serikali inapenda kuwafahamisha wananchi kuwa mtaalamu wetu wa maji, Dakta Sikitu Lukumbo, ni mzima wa afya. Yuko huru, anaendelea na kazi zake, na hakuna mtu yeyote anayemtafuta. Wananchi wanaombwa wasiwe na wasiwasi wowote juu yake."

Sikitu aliweka kisu chini. Kule nje zikasikika kandambili zikikimbia kutoka kila upande. Wanawake wa mtaa waliingia bila kubisha hodi, wawili wakiwa na mikeka ya msiba kwapani, mmoja na sufuria ya maharage, na wote walipomkuta amesimama pale na mchicha wake walishtuka.

"Mwanangu!" alisema Mama Sekela wa nyumba ya pili, machozi yanamtoka. "Umesikia walivyosema, na bado uko hapa?"

Akainama akavua raba zake mwenyewe, akamsukumia miguuni, na wenzake wakaanza kumfungia maharage.